Nimekula, Mama, Usijali

"Mwanangu hanipi presha," fundi cherehani alimwambia jirani yake kwenye basi, utepe wa kupimia ungali shingoni. "Nikimwandikia tu, hapo hapo anajibu: nimekula, mama, usijali." Jirani akaguna. "Una bahati. Wangu mpaka nimfokee." "Ila jana nilimwandikia kwamba bibi yake amefariki." Fundi akauvua utepe shingoni, akaukunja. "Akajibu: nimekula, mama, usijali." "Labda msiba umemchanganya." "Labda."

Nyuma yao, mwanafunzi wa kompyuta alitamani sakafu ipasuke immeze. Programu inayowajibu wazazi maneno hayo hayo, bila mtoto kugusa simu, aliitunga yeye, akaigawa bweni zima, akashangiliwa kama mfungaji wa bao.

Basi liliposimama, simu ilikuwa mkononi mwake, na bado alikuwa anaogopa kufungua meseji za mama yake mwenyewe, ambazo nazo zilijibiwa na programu.