Mkate Nilioupika Miaka Sita Bila Kuuonja

Nawasalimu kwa jina la Bwana. Wengi hapa Kitaji mnanijua, mimi ndiye mama wa dagaa, na ndiye ninayeoka mkate wa Meza ya Bwana. Naoka mwaka wa sita sasa. Msilolijua ni kwamba miaka yote hiyo sijaula hata kipande. Ndiyo, tazamaneni tu. Leo nasema.

Nilipokuwa mtoto kule Buswahili, mama akirudi kutoka mbele kushiriki, nilikuwaga namshika vidole nanusa. Namuuliza, "Mama, huo mkate una ladha gani?" Ananijibu, "Subiri, na wewe utaula." Nikasubiri mpaka nikabatizwa. Siku hiyo nilikaa benchi moja na mama na dada yangu mkubwa, tukala. Sijawahi kushiba vile.

Baadaye mama akaugua. Dada ndiye alimuuguza, mimi niko huku mjini na biashara. Ndugu zangu, nawaambia, nilipigiwa simu mama ameshakata roho. Nilifika nina hasira kuliko machozi. Mbele ya waombolezaji nikamwambia dada, "Umeninyima mama. Mimi na wewe hatutakula pamoja tena." Na neno la msibani mnalijua, halifutiki kwa kunyamaza. Nikasusa hata ugali wa matanga, nikarudi huku Musoma.

Sasa utaratibu wetu mnaujua. Kabla ya Meza tunaoshana miguu, akina mama kwa akina mama, na mwenye neno na mwenzake anaambiwa akapatane kwanza. Mara ya kwanza baada ya msiba, beseni lilipofika kwangu mikono iligoma. Miguu ilikuwa ya jirani yangu, lakini mimi nilimwona dada. Nikasingizia tumbo, nikatoka nje.

Mara ya pili nikawa mjanja. Nikajitolea kuoka. Nikajiambia, anayepika si naye yumo? Mpishi nani anamuuliza kama amekula? Mkioshana miguu, mimi niko jikoni nafuta meza ambayo nimeshaifuta. Mnapita mbele mnaimba, nawasikia dirishani. Kuna njaa, wapendwa, ugali hauifikii. Nilikuwa nanusa vidole vyangu, vina harufu ileile ya vidole vya mama, nalia. Nilimtamani Bwana, nilimtamani mama, na dada pia nilimtamani, ingawa hilo nisingelikiri hata kwa viboko.

Basi juzijuzi mama mmoja, mzee wa kanisa, aliingia jikoni kuchukua sahani. Akaniuliza, "Hivi wewe huwa unakula saa ngapi?" Nikasema, nitakula baadaye. Akasema, "Mwanangu, hiki si chakula cha kuwekewa. Kinaliwa pamoja." Akabeba sahani yake akaenda. Hakunitangaza kwa mtu.

Jumatatu yake nikaenda Buswahili. Dada nilimkuta kibarazani anapukuchua mahindi, miguu imemvimba. Nikamwamkia, maana mdogo ni mimi. Akaitikia, akaendelea na mahindi yake. Kisha akasema bila kuniangalia, "Sikukuita kwa sababu nilidhani mama atapona. Kukuita ilikuwa ni kukubali kwamba anakufa."

Nikaomba beseni na maji ya uvuguvugu, nikachuchumaa, nikaanza kumwosha. Ndipo akasema, "Mimi Meza sijaila tangu siku ile. Ulisema hatutakula pamoja. Ningekulaje bila mdogo wangu?"

Miaka sita, ndugu zangu. Mimi nina njaa Kitaji, yeye ana njaa Buswahili, kila mmoja anadhani mwenzake anashiba. Tulilia mpaka maji yakapoa. Akaniosha na mimi, kisha akasonga ugali, tukala sahani moja.

Namshukuru yule mama kwa swali lake. Nawashukuru na ninyi, maana mkate sijawahi kuuonja, sijui kama chumvi ilikuwa inatosha, na hakuna aliyelalamika. Ninachowaachia ni hiki: usijifiche nyuma ya kazi za kanisa. Unaweza kupanga viti, ukaimba kwaya, ukaoka mkate, na bado ukawa nje. Kama kuna mtu umemwambia hutakula naye, nenda kwake wewe. Usingoje avimbe miguu.

Dada yangu ni yule pale benchi la nyuma, jina lake silitaji, ana aibu kuliko mimi. Alilala kwangu. Alfajiri nilipotoa mkate jikoni alinishika mkono, akanusa vidole vyangu. Nilijua anamnusa nani. Mkate ulikuwa wa moto, tuko wawili, hakuna anayetuona.

Hatujauonja. Tumekuja kula na ninyi.