Mama Mito Anaondoka Wodi ya Wazazi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nimepewa ukurasa mmoja wa jarida la wafanyakazi na agizo moja la uongozi: niandike kwa furaha. Haya, tujaribu.

Alianza akiwa msichana wa miaka ishirini na sita, kwenye chumba chenye vitanda sita na dirisha lisilofungika. Wengi mnamjua kwa jina la Mama Mito. Jina hilo nilimpa mimi, kwa kejeli, mwaka wangu wa kwanza wa udaktari hapa. Kila mjamzito aliyeketi mbele yake, kabla ya kupimwa uzito wala tumbo, aliulizwa analalia mito mingapi. Mmoja, sawa. Miwili, tangu lini? Akisema mitatu, au kwamba analala ameketi kwa kuwa akijilaza pumzi inakata, Mama Mito alimshika mkono na kumpeleka mwenyewe apimwe moyo, foleni inung'unike itakavyo. Mume mmoja alidai yeye analalia minne na hajawahi kuugua. Akaambiwa huo ni uvivu, akae kimya mkewe ajibu. Nami nilimwambia mkunga, mbele ya wanafunzi, kwamba kama anataka kuuza magodoro aende sokoni. Aliita mgonjwa anayefuata.

Mwaka uliofuata aliniletea binti mwenye mimba ya kwanza, miguu imevimba, mito mitatu. Mama mkwe alisema mimba ndivyo zilivyo, hata yeye alivimba, na mimi bingwa nikaitikia. Mkunga aling'ang'ania kipimo. Vali ya moyo ilikuwa imebana tangu utotoni, na hakuna aliyejua. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, njiti wa kilo moja na nusu, lakini alilia. Nikajipiga kifua.

Mama Mito aliomba mzazi yule abaki siku saba. Alinieleza, taratibu kama anayemwelekeza mgeni, kwamba mtoto akishatoka ndipo moyo mgonjwa unapobeba mzigo mzito kuliko wote. Mimi nilikuwa nahitaji kitanda. Kesho yake nikamruhusu aende nyumbani, mtoto akabaki kwenye chumba cha joto. Siku ya tatu mumewe alimrudisha amembeba, mapafu yamejaa maji. Alifia mapokezi, mita hamsini kutoka kwa mwanawe.

Yule njiti alilishwa na Mama Mito kwa kikombe, tone kwa tone, wiki tano. Hakuniambia hata siku moja kwamba alinionya. Laiti angeniambia!

Tangu hapo akaanza vita vyake. Alipata vitanda viwili karibu na meza ya wauguzi, na sheria aliyoibandika ukutani kwa mkono wake: mama mwenye ugonjwa wa moyo hatoki kabla ya siku saba. Aliwakalisha waume na mama wakwe akawaambia mimba ijayo waje kabla haijatungwa, siyo miguu ikishavimba. Kwa miaka kumi na miwili, waliolala kwenye vitanda vile wametoka kwa miguu yao, isipokuwa wawili. Hao wawili anawataja kwa majina mpaka leo.

Niliagizwa nisisahau kuandika kwamba pengo lake halitazibika. Ni kweli tupu. Barua ya kuifuta nafasi yake ilitoka wiki iliyopita, na vitanda vyake viwili vinahamishwa Jumatatu. Fomu mpya ya kliniki haina sehemu ya swali lake. Tulielezwa kwamba imefupishwa.

Zawadi hakutaka. Ameomba kitu kimoja tu: mama aliyejifungua jana kwenye kitanda cha kwanza, mwenye moyo uliopanuka, asiondolewe kabla ya Jumanne, siku yake ya saba. Uongozi haujajibu. Mimi nimemwahidi kwamba hatatoka. Hakunishukuru. Aliniambia niliandike hilo kwenye faili, akasimama pembeni yangu mpaka nikamaliza.

Ahsante, dada. Nenda ukapumzike, uzima uliowapa wengine ukupate na wewe huko nyumbani. Tumekuchosha mno. Nami nakuomba msamaha, hapa, mbele ya wote.