Maisha ya Mama Maelezo, Aliyeandika Kitabu cha Wageni

Waombolezaji wenzangu, mimi ni binti wa marehemu, kitinda mimba wake, na nimesimama hapa badala ya mjomba wangu, aliyekaa mstari wa mbele, ambaye asubuhi ya leo alikuja na historia aliyoiandika yeye, kurasa tatu zilizopigwa chapa, nikaisoma pale pale mlangoni, nikaikunja, nikaitia mfukoni, na humo itabaki.

Mama yetu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba yenye madirisha ya kijani, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa reli na mkunga, kaka yake akiwa amemtangulia kwa miaka minne. Alianza darasa la kwanza mwaka 1964, akamaliza la saba mwaka 1970 akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa kwanza kwa mwandiko, akaingia sekondari, lakini Desemba 1972 babu alisema hawezi kusomesha wawili, na aliyebakizwa shuleni ni mjomba, ambaye mwaka huo alikuwa anarudia darasa. Nalitaja hilo kwa kuwa katika zile kurasa tatu halimo.

Tarehe 3 Machi 1976 aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi katika zahanati, akakaa kwenye kidirisha kile miaka kumi na saba kasoro, na hapo ndipo alipopewa jina la Mama Maelezo, maana mgonjwa hakuondoka mbele yake bila kujua aingie mlango upi, ameze nini kabla ya kula, na arudi lini. Aliolewa tarehe 4 Oktoba 1980 na fundi saa, baba yetu, mtu mpole aliyependa kusema kwamba ameoa ili asipotee njia, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu ambaye ni mfamasia, na mimi, kisha baba akatutoka tarehe 19 Mei 1991.

Januari 1993 mjomba, aliyerithi nyumba ya madirisha ya kijani, aliigeuza kuwa nyumba ya kupangisha wageni wa likizo, wale wanaojipikia na kujifulia wenyewe, akamwita mama aje aiangalie, akampa chumba cha uani, na mama akaacha kazi zahanati, akaja.

Mgeni wa namna hiyo anaachiwa ufunguo tu, hajui taa ya ngazi inawashwa wapi, ndiyo maana mama alinunua daftari la jalada gumu akaanza kumwandikia. Aliandika kwamba mlango wa mbele unataka ufunguo uzungushwe mara mbili huku ukiuvuta mlango kwako, kwamba bomba la jikoni lenye alama nyekundu ndilo la maji baridi kwa sababu fundi alikosea na hakurudi, kwamba jiko lisipowaka mgeni afunge koki ya gesi, afungue dirisha, ahesabu mpaka mia ndipo ajaribu tena, kwamba mbwa wa jirani ana kelele lakini hana meno. Siku za mgao wa maji zilipobadilishwa, alifuta akaandika upya, na kila mwezi alipiga simu kwa daktari na kwa duka la dawa kuhakikisha namba bado ni zile zile. Mwaka 2009 mgeni mmoja, ambaye mwanawe alibanwa na pumu mchana, alifungua ukurasa wa tisa, akamfikisha mtoto kwa daktari kwa dakika kumi na moja, na alipofika kwao aliandika barua, akisema aliyeandika kitabu hiki ndiye aliyemrudishia mtoto wake.

Barua ile ilipokelewa na mjomba. Hakumwonyesha mama, habari zake tulizipata baadaye kwa mgeni mwenyewe, ila Juni 2011 tuliona kitabu kipya mezani, kimepigwa chapa, maneno ni yale yale mpaka kile kichekesho cha mbwa, na mbele kuna picha ya mjomba na jina lake kama mwandishi. Mama alimuuliza mbele ya wageni waliokuwa wanashusha mizigo, "Kaka, jina langu liko wapi?" naye akajibu, huku anacheka ili wageni nao wacheke, "Wewe kazi yako ufagio, kuandika tuachie tuliosoma." Tarehe 6 Juni 2011 mama alihama chumba cha uani na sanduku moja, na nilikuwa nimelishika upande wa pili, kwa hiyo sisimulii la kuambiwa.

Hakwenda mbali. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alimkaribisha ghorofani kwake, na Februari 2012 wawili hao wakafungua vyumba viwili vya wageni, vikiwa na daftari jipya. Kule kwa mjomba kitabu kilibaki na maneno ya 2011, wakati jiko lilikwisha badilishwa, siku za maji zimehama, na daktari amehamia mtaa mwingine, wala mjomba hakujua hata moja. Wageni wake walivuka barabara, sufuria mkononi, wakamuuliza mama jiko linawashwaje, naye aliwajibu kwa upole, "Kitabu kina picha ya mwandishi, mkamuulize yeye." Basi wakamgongea mjomba, mjomba akaja amevaa shati la pasi, akapiga magoti mbele ya lile jiko, akachoma njiti nusu kiberiti, akatoka na nyusi moja, na mama alikuwa kwenye baraza la juu anakunywa chai, nami nakiri kwamba sijawahi kumwona akinywa chai kwa raha kama siku ile.

Mara moja tu alivuka. Septemba 2014 alisikia harufu ya gesi kutoka kule, akashuka mbio na kanga moja, akafunga koki, akatoa watoto wa wageni nje, akafungua madirisha yote, kisha akarudi kwake bila kumsalimu mtu. Wageni wale walihamia kwetu jioni ile ile, waliofuata wakasikia habari, na Aprili 2016 madirisha ya kijani yalifungwa.

Februari mwaka jana mama aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akalazwa mara tatu. Katika mara ya tatu mjomba alikuja na maua, akasema, "Mdogo wangu, tuyamalize," mama akamwambia, "Sema tu nani aliandika kitabu, hawa manesi wasikie." Mjomba alitazama saa ya ukutani, akasema, "Hayo ni ya zamani, pumzika." Mama aligeukia ukuta, na siku kumi na mbili baadaye, tarehe 21 mwezi huu, saa nne asubuhi, akafariki, mkono wake ukiwa katika mkono wangu.

Katika kurasa zilizo mfukoni mwangu imeandikwa kwamba marehemu alimsaidia kaka yake kazi za usafi. Nasema mbele yenu nyote, na mbele yake, kitabu kile aliandika marehemu, neno kwa neno.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika na kulala nasi siku hizi zote, wenzake wa zahanati waliokuja wakiwa na mikongojo, na fundi cherehani, aliyemshonea nguo anayozikwa nayo. Orodha ya shukrani inaishia hapo. Tukifika kaburini wataanza wajukuu kutia udongo, kisha kaka yangu na mimi, kisha majirani, na mjomba, kwa agizo la marehemu alilonitamkia akiwa na akili timamu, atabaki kwenye kiti hicho alichokalia.

Mama, lala kwa amani, nimewasomea yote.