Rafu Zilizoniangukia na Rafu Nilizopanga

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa kiti chenye mgongo. Kiuno hiki changu hakielewani na benchi. Namshukuru Mungu aliyenifikisha kwenye kikao cha Jumamosi ya leo, sisi tulionusurika ajali, na nawaomba radhi mapema: nikinyamaza katikati, msidhani nimemaliza. Huwa napumua kidogo, halafu naendelea.

Wengi mnanijua kama Mama Neema wa Makongeni. Majina ya wengine sitayataja. Hii ni habari yangu, na wao hawajanituma.

Nilikuwa mtunza stoo wa mama mmoja anayeuza sare za shule kwa jumla. Masweta, mashati, sketi, soksi, tai, rangi za shule zote mnazozijua. Ghala letu lilikuwa dogo, mitaa ya nyuma ya Barabara ya Jogoo. Muhula ukikaribia, maduka yanaagiza mzigo zaidi na nafasi inakosekana. Basi tukawa tunapanda juu. Fundi anaitwa, anachomelea vyuma juu ya vyuma, tunapata orofa nyingine ya rafu. Muhula ukirudi, nyingine tena. Nguzo zimesimama tu hivi, kwenye sakafu iliyopasuka, hazijafungwa popote. Na sisi tunafurahi, eti sasa tuna nafasi!

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama napanga soksi za watoto wa nasari. Nikasikia chuma kinalia, kama mtu anayeburuta kitanda. Nikainua kichwa. Ndugu zangu, nawaambia, mtu hudhani siku hiyo ikifika atakimbia. Mimi nilisimama tu, nikaangalia zile rafu zikinijia polepole, na huko juu kabisa marobota ya masweta.

Robota moja lilitangulia kuanguka kando yangu, vyuma vikalilalia. Hilo ndilo lililoniokoa. La sivyo mngeniona leo kwenye picha ya fremu, imewekewa maua.

Kulikuwa na mwenzangu wa kupakia mizigo, baba mwenye watoto wake, mtu wa Dandora. Alinichimbua kwa mikono. Simwoni, ila nasikia sauti yake, akiniita mathe, yaani mama, kama alivyozoea: "Mathe, usilale! Ongea na mimi. Hizo soksi ziko hapo ni za rangi gani?"

Nikamjibu, "Za kijivu."

"Na zingine?"

"Nyeupe."

"Haya, endelea, nitajie zote." Akaniuliza rangi mpaka mkono wake ukanifikia. Hata wakati huo nilijua rangi nyingine ninazibuni tu, lakini naye alikuwa anajua, na akaendelea kuuliza.

Nyonga ilivunjika. Hospitali nilikaa sana, sitaki kuwachosha na hayo, hapa wote tunaijua hospitali. Nilirudi nyumbani na magongo, majirani wakaja, wakaomba, wakapika, na kila mtu akasema neno moja: "Umepona." Mimi pia nikadhani nimepona.

Siku nilipoingia jikoni kwangu ndipo nilipojua. Niliinua macho nikaona rafu ya sufuria juu ya jiko. Sufuria zile zile nilizonunua mwenyewe. Jasho likanitoka, nikamwita mume wangu aziondoe. Akaziondoa. Kesho yake nikasema kabati la vyombo lishuke. Halafu masanduku yaliyokaa juu ya kabati la nguo. Mwishowe nyumba yangu yote ikawa sakafuni: vikombe kwenye beseni, nguo kwenye magunia, redio chini karibu na mlango. Mume wangu hakunigombeza hata mara moja. Alikuwa anatoka kazini na kuruka vitu kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Mama mkwe wangu alikuja kuniona kutoka kijijini, huko magharibi. Akasimama mlangoni.

"Mwanangu, mbona vyombo vyote viko chini? Kuna matanga?"

Nikaangua kilio. Yeye akaweka kikapu, akajifunga leso, akaketi papo hapo sakafuni na kuanza kuchambua mboga. Tukapika tukiwa chini, tukala tukiwa chini. Hakuniuliza tena.

Lakini kilichonivunja ni kitanda cha watoto. Kilikuwa deka, kitanda juu ya kitanda, na Neema ndiye aliyelala juu. Nilimwambia baba yake akitenganishe. Akaleta spana. Neema akasimama pale amekumbatia mto wake, akanitazama.

"Mum, kwani hata mimi naweza kukuangukia?"

Nilimwambia aende nje akacheze.

Ngoja nipumue.

Sasa, tajiri wangu, yule mama wa sare, alikuwa ananitembelea mara kwa mara, haji mikono mitupu. Siku moja nikaona ameshika kikombe cha chai hanywi.

"Mama Neema, nimepata ghala lingine. Ni jembamba, lakini paa liko juu sana. Nataka rafu za orofa tatu, mtu aweze kupanda na kutembea humo. Safari hii nimemwita injinia. Nataka uzipange pamoja naye."

"Mimi? Nirudi chini ya hivyo vitu?"

"Zile za kwanza kosa lilikuwa langu," akasema. "Niliongeza orofa juu ya orofa bila kumuuliza anayejua vyuma. Sasa nimempata anayejua vyuma. Anayejua vile nguo zinaingia na kutoka ni wewe."

"Tafuta mwingine."

Nilimwambia vibaya, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuitumia kwake. Akaaga, akaenda.

Baada ya siku kadhaa akaja yule mwenzangu aliyenichimbua. Nikajua ametumwa. Nikamwambia kabla hajaketi, "Kama ni mambo ya ghala, rudi."

Akaketi hata hivyo, juu ya gunia la nguo, maana viti vilikuwa vimejaa sahani. "Mathe, sikulazimishi. Lakini zile rafu zikisimama, mimi ndiye nitakuwa chini yake kila siku. Zipangwe na wewe au zipangwe bila wewe, nitaingia, watoto lazima wale. Tofauti ni vile nitaingia."

"Vile utaingia aje?"

Akasema akiangalia sakafu, "Tangu nikutoe pale, kila asubuhi nikifika mlangoni naomba kwanza. Nikisikia chuma kimelia natoka nje, nawaambia naenda kuongea na simu."

Wenzangu, huyu ni mtu anayebeba robota begani akipiga mluzi! Nilikuwa nimemwona kama jiwe. Wakati wote nilidhani katika dunia nzima ni mimi tu ninayeogopa rafu.

Nikamuuliza, "Kwani wewe pia?"

"Mimi pia."

Nikamwambia anipe magongo yangu.

Sasa msifikiri niliingia nikiimba. Siku ya kwanza nilifika mlangoni mwa lile ghala jipya, likiwa tupu kabisa, na bado miguu ilikataa. Injinia, bwana mmoja mpole wa makamo, akaniona. Hakuniambia nijikaze. Alitoa viti viwili nje, akaja na michoro yake, akaiwekelea kokoto isipeperuke.

"Niambie, mama. Kitu gani kinatoka kila siku, na kitu gani kinangoja kufunguliwa kwa shule?"

Nikaanza kusema. Nilimwambia masweta na bleza ni mzigo mzito, mashati yanatembea sana, tai na soksi ni nyepesi lakini wateja huziitisha kila saa. Nilimwambia mtu aliyekumbatia mzigo hana mkono wa kushika ngazi ya kuegemeza, kwa hiyo tunataka ngazi ya kudumu, pana, yenye kishikio. Jua lilituwakia na sikulihisi.

Mahali pengine alinipinga. Mimi nilitaka kila kitu kizito kikae chini, kila kitu. Akasema, "Tukifanya hivyo mtakosa njia ya kupita, na baada ya muda mtarundika tena juu. Tugawanye." Akanieleza jinsi uzito unavyoshuka kwenye nguzo, kutoka nguzo hadi sakafu, na sakafu ikiwa dhaifu, hata chuma kizuri kitainama. Kwa mara ya kwanza nikaelewa ni nini kilichotokea siku ile. Nilikuwa nimeishi kama mtu aliyepigwa na jini, kumbe ni uzito uliokosa mahali pa kukaa.

Nyumbani Neema alinisaidia. Tulijenga ghala zima sakafuni kwa viberiti na pakiti za maziwa, yeye akipitisha vidole kwenye njia na kusema, "Mum, hapa mtu mnene hapiti." Tukapanua. Injinia naye akakubali tupanue.

Rafu zilisimama. Nguzo zilifungwa sakafuni kwa bolti, na ukutani pia. Kila orofa ilizungushiwa wavu wa chuma pembeni, na kibao kikaandikwa uzito wa mwisho inaoweza kubeba. Na tajiri akaahidi mbele yetu sote kwamba hakuna atakayeongeza chuma, hata yeye mwenyewe, bila injinia kuja.

Siku mzigo ulipopangwa wote, niliitwa. Yule mwenzangu akanisubiri mlangoni. Tukaingia, hatua kwa hatua, mpaka katikati, orofa mbili zikiwa juu ya vichwa vyetu.

"Shika nguzo, mathe."

Nikaishika. Ilikuwa baridi. Nikaisukuma kwa bega. Haikutikisika. Nikaisukuma tena, sasa kwa hasira, kwa ajili ya nyonga yangu na kwa ajili ya mtoto wangu na mto wake, nikisukuma na kulia, na ile nguzo imesimama tu. Mwenzangu naye akaweka bega upande wa pili, akasukuma, akalia. Wateja wakatuona. Wacha watuone.

Jamaa zangu, nimerudi kazini. Baridi ikizidi kiuno kinauma, na mlango ukibamizwa bado naruka. Namshukuru mume wangu kwa kila alichokishusha bila kuuliza. Namshukuru mama mkwe aliyeketi nami chini. Tajiri alikubali kosa lake, na injinia akanitolea kiti nje; nawashukuru wote wawili. Yule aliyenitoa chini ya vyuma, nadhani alinitoa mara mbili. Nanyi mliokuwa mnanisikiliza hapa hata siku niliposhindwa kusema, Mungu awatunze.

Nilichojifunza ni kidogo. Niliambiwa "jikaze" na watu wengi walionipenda, na sikujikaza. Nilipata nguvu siku mtu mmoja aliponikubalia kwamba naye anaogopa. Kwa hiyo ukiwa na woga wako, usiufiche hata kwa yule unayemwona dhaifu kuliko wewe. Huenda ndio dawa anayoingoja.

Na wewe dada uliyekuja leo mara ya kwanza, nimekuona vile ulishtuka kiti kilipoanguka huko nyuma. Nami nilishtuka. Tukimaliza kuna chai. Njoo tukae pamoja, si lazima uongee.