Hasara ya Baba Mkwe

Haruni alikuwa ametoka kumzika kaka yake na hakutaka maneno ya mtu, lakini wawili waliokaa mbele yake ndani ya basi hawakumwuliza.

"Duka langu la Makandana ni langu," alisema Abdul, mfanyabiashara mnene. "Faida na hasara tunajua mimi na Mungu." "Na mtu wa kodi?" aliuliza Lusungu, mweka hazina wa duka la kijiji cha ujamaa. "Huyo anajua ninachomwambia."

Lusungu akasonya. Duka lao lilikuwa la wote, hivyo wote walisomewa hesabu mkutanoni, na kila hasara ilitajwa pamoja na aliyeisababisha. Leo ilikuwa zamu ya gunia la sukari lililoloweshwa na mvua iliyoingia kwa mlango ulioachwa wazi.

"Basi mtaje aliyeacha mlango wazi, dada." "Ni baba mkwe wangu! Kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtaji baba mkwe, wala hasimami mbele yake. Nikinyamaza, watasema sukari nimeila mimi." "Gunia zima? Kwa mwili huo mwembamba?"

Haruni akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Njoo uuze kwangu," Abdul alisema. "Kwangu hakisomwi kitu." "Ndiyo maana sukari yako ina mchanga na hakuna wa kukuuliza!"

Basi likasimama kijijini. Lusungu akachungulia nje, akajitupa chini nyuma ya kiti cha mbele na kujifunika kanga, akamnong'oneza Abdul: "Kaka, niangalizie. Yule mzee mwenye mwavuli ameshapita?"

"Hajapita," alisema Abdul. "Amesimama mlangoni mwa basi, anauliza kama mweka hazina amefika."