Njia ya Jiwe la Mama na Mtoto, Juu ya Gasenyi

Mgeni rasmi, Madamu Annick, Mshauri wa Mazingira. Shefu wetu wa kartie, kiongozi wa mtaa. Walimu, wazazi na majirani wa Gasenyi na Cibitoke: amahoro, na asalamu aleikum.

MAKARIBISHO

Sisi wanachama thelathini na mmoja wa Kikundi cha Njia ya Jiwe tunakupokea kwa furaha kubwa. Miaka mingi magari ya wakubwa yamepita huku chini yakielekea kwingine. Leo gari lako limesimama, na wewe umeshuka. Karibu sana.

HISTORIA YETU

Kikundi hiki kilianza kwa ugomvi. Miaka minne iliyopita wengi wetu tulikuwa tunaponda mawe kutengeneza kokoto. Mama Khadidja, muuguzi mstaafu wa Cibitoke, alikuwa akitembea katika msitu huu kila asubuhi kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Siku moja alimkuta Térence, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, ameinua nyundo mbele ya Jiwe la Mama na Mtoto: lile jiwe refu lililobeba dogo mgongoni.

«We Térence, hili jiwe limekukosea nini?»

«Mama, mi watoto wangu wanakula haya mawe.»

«Hili watalila siku ngapi?»

«Siku mbili.»

«Na siku ya tatu?»

Térence akakasirika. Mama Khadidja naye akaketi palepale chini ya jiwe, akasema hatoki. Walikaa hivyo, kila mtu na hasira zake, mpaka adhuhuri. Mwishowe mama akasema: «Basi acha nyundo, unipeleke juu kwenye maua ya zambarau. Mi peke yangu naogopa.»

Walipanda. Wiki iliyofuata mama alileta majirani wawili. Wiki ya tatu walikuja kumi, na sisi wenye nyundo tukaanza kuwaongoza.

MAFANIKIO

Mwaka jana mvua za Aprili ziliporomosha mlima, njia ikakatika katikati. Tulilia, hatufichi. Ndipo Dative, mshonaji wa nguo, aliposema: «Mawe tuliyovunja si bado yako pale?»

Yalikuwepo. Tuliyabeba kichwani miezi saba, tukayapanga kwenye jeraha la mlima. Madamu, ngazi mia mbili na kumi na nne!

Jumamosi iliyopita Orlane, mwanafunzi anayetembea kwa magongo mawili, alizipanda zote. Alipita kwenye kivuli cha miti ya misave, akapita maua ya manjano yanayoota juu ya mwamba bila udongo, akafika kileleni. Alipoliona ziwa lote chini yake, na milima ya Congo ng'ambo, alipiga kelele tukamsikia mpaka huku bondeni. Wakristo wakapiga vigelegele vya impundu, Waislamu wakaitikia kwa takbiri. Mama Khadidja alicheza. Ana miaka sabini na moja, lakini alicheza.

CHANGAMOTO

Maji ya kunywa njiani hakuna, na choo ni kimoja. Hayo tutayamaliza wenyewe.

Lakini wiki tatu zilizopita walikuja watu wasiosalimia mtu. Wakapaka namba nyekundu kwenye Jiwe la Mama na Mtoto, wakaondoka. Tumebisha kila mlango kuuliza ni ya nini, na kila mlango umetuelekeza kwa mwingine. Sisi tumeponda mawe, Madamu. Namba kama ile tunaijua: ni ya jiwe linalongoja kuvunjwa.

OMBI

Tulikuwa tumeandika maombi sita. Jana tukafuta matano.

Tunaomba upande nasi sasa hivi, kabla hujahutubia. Raba zako ziko tayari. Saizi tulimwuliza dereva wako. Tutakwenda kwa mwendo wako, tutapumzika utakapotaka. Ukifika kwenye Jiwe, weka mkono wako juu ya namba ile, kisha useme lolote litakalokujia. Tutalisikiliza tukiwa tumesimama.

Mungu akupe miguu mepesi na neno zito.

Ni sisi,
Kikundi cha Njia ya Jiwe, Gasenyi