Bega la Mpiga Kodiani

Sogeeni karibu, na anayetafuna mbegu za alizeti ateme maganda, anyamaze. Benchi lilikuwa mbele ya duka la ushirika, huku kwetu Saskachewani, nyika ya ngano na theluji, enzi zile nyumba nne tukichangia waya mmoja wa simu. Kahawa alileta Nestori, tuliyemwita Trekta kwa kunguruma kwake. Mwenzake Metro tulimwita Redio, hazimiki. Asubuhi hiyo Oresti, mpiga kodiani wa harusi zetu zote, alifika kashika bega la kulia, kodiani kaipakata kama mtoto anayepelekwa kulelewa kwa watu.

— Leo naigawa, akasema. Kila harusi ikiisha, bega linawaka moto. Itaniua hii.

— Si nilikwambia? akanguruma Trekta. Mkanda huo! Paka dawa ya farasi, mficha uchi hazai.

— Nimepaka mpaka farasi wananisalimia.

— Mkanda wapi! akadakia Redio. Ni polka, ngoma hiyo ya kurukaruka. Inaingia mfupani, haipati pa kutokea.

— Mbona Kwaresima yote sisikii kitu?

— Ndiyo hivyo! Kwaresima hakuna harusi, kodiani inalala, bega linapumua. Unataka ushahidi gani tena?

— Mimi nasema ni marehemu baba mkwe wako, Trekta akapandisha sauti. Uliipiga vibaya polka aliyoipenda. Sasa anakuvuta bega toka huko aliko.

— Basi nirithishe mimi, Redio akanyoosha mikono. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo lete sasa hivi!

Oresti akaipangusa kodiani kwa kiwiko. Hiyo ndiyo iliyomposea mke. Akaanza kuisukuma kwa Redio, taratibu.

Slavka, bibi harusi wa juzi, akatoka dukani na mfuko wa unga.

— Mjomba Oresti, kwenye harusi yangu ulikula sambusa za viazi zikiogelea kwenye malai, mafuta mazito ya maziwa, ukashushia soseji. Hivi umewahi kupiga bila kula?

Trekta akachungulia kikombe. Tangu babu zetu mpigaji hulishwa kwanza, tena vinono. Na Kwaresima hufunga vyote viwili, kodiani na soseji.

Jumapili Oresti akapiga kwa tumbo tupu mpaka jioni: bega kimya. Kesho yake akala soseji, kodiani iko kabatini: moto! Daktari akakuta mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mishipa ya fahamu ya huko, alisema, hupanda mpaka shingoni ikakutana na ya bega, kama simu zenu za waya mmoja: nyongo inapiga, bega linaitika.

Alipopasuliwa akapona, urithi ukagawanywa mwenyewe akiwa hai, maana daktari alimkataza vinono. Trekta alirithi mtungi wa mafuta ya nguruwe. Paka wa Slavka, malai. Farasi, dawa yake. Kodiani ikabaki na mwenyewe. Redio alikuwa ameshainunulia mkanda mpya; akarithi mkanda.